Printa Yako Ina Anwani: Itafute, Kisha Ifunge Isihame

Kasulu na Kibondo, printa haikai tena ofisini peke yake. Imo sebuleni kwa mwalimu anayetunga mtihani wa kufunga muhula. Imo kwenye fremu ya mbele ya nyumba, ambako mama mwenye nyumba anatoa kopi za vyeti vya kuzaliwa na kuprinti fomu za vijana wanaoomba mkopo wa elimu ya juu. Imo chumbani kwa karani wa chama cha akiba na mikopo, na kwa mchungaji anayeandaa ratiba ya ibada. Nyingi kati ya hizo zina Wi-Fi, na mwenye nayo aliongeza fedha ili asihangaike na waya. Halafu siku moja kompyuta inaandika kwamba printa haipatikani. Inazimwa na kuwashwa, inafutwa na kusimikwa upya, mwisho waya wa USB unarudishwa na Wi-Fi inasahaulika.

Naandika kwa ajili ya nyumba hizo. Mara nyingi tatizo hilo halitokani na ubovu wa printa. Kompyuta inapeleka kazi kwenye anwani ambayo printa imeshahama. Ukijua kuipata anwani ya sasa, kuithibitisha poti inayopokea kazi, na kuifunga anwani isihame tena, umeutibu ugonjwa wenyewe. Huhitaji cheti cha kompyuta, wala huhitaji kumngoja fundi wa Kigoma mjini, ambako kutoka Kibondo ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Tafuta jioni moja yenye utulivu, karatasi mbili tatu, na kalamu ya kuandikia utakachokiona.

Kuprinti nyumbani hakuli bando

Tuanze na dhana inayowarudisha watu wengi nyuma. Bando likiisha, wengi huamini kwamba printa ya Wi-Fi nayo imesimama. Kazi inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye printa inapita kwenye ruta iliyomo humo ndani tu. Haipandi mnara wa simu wala haivuki ukuta wa nyumba yako. Mtandao wa nyumba ni kitu kimoja, intaneti ni kitu kingine. Hivyo bando likiisha usiku wa kuamkia mtihani, au faiba ikikatika njiani, printa itaendelea kupokea kazi mradi ruta ina umeme na vifaa vyote viwili vimeunganishwa nayo.

Zipo printa za kuwa nazo makini. HP huuza baadhi ya mashine zake chini ya mpango wa HP+, ambao unadai printa iunganishwe na intaneti muda wote. Mara nyingi utazitambua kwa herufi ndogo "e" mwishoni mwa jina la modeli. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo mtandao wa simu unayumba, ni vizuri kusoma boksi kabla ya kulipa.

Anwani na poti

Anwani ya IP ni namba nne zinazotenganishwa na nukta, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.50. Mwaka 1996 wataalamu wanaoandika kanuni za intaneti walitenga mafungu matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi: yanayoanza na 10, yanayoanza na 172.16 hadi 172.31, na yanayoanza na 192.168. Ndiyo maana printa ya Kasulu na printa ya Kibondo zinaweza kuwa na namba ile ile bila kugongana. Kila moja inajulikana ndani ya nyumba yake tu.

Poti ni namba ya huduma ndani ya kifaa hicho. Fikiria hospitali ya wilaya: ukifika getini umeipata anwani, lakini kadi ina dirisha lake, malipo yana dirisha lake na dawa zina dirisha lake. Ukiomba kadi kwenye dirisha la dawa utarudishwa, ingawa hospitali ni ile ile. Kompyuta nayo inaweza kuipata printa kwa anwani sahihi na bado ikarudishwa kwa sababu imegonga poti isiyopokea kazi.

Poti za printa za kukumbuka si nyingi. Ya kwanza ni 9100, iliyoenezwa na Hewlett-Packard kupitia kadi zake za mtandao za JetDirect. Leo karibu kila kampuni inaitumia, na Windows huiita "Raw". Ya pili ni 515, inayotumia utaratibu wa LPD uliotokana na kompyuta za Unix na kuandikwa rasmi mwaka 1990. Utaikuta zaidi kwenye mashine za zamani. Ya tatu ni 631, ya utaratibu wa IPP, unaotumiwa sana na simu, vishikwambi na kompyuta za Apple. Zaidi ya hizo kuna 80 na 443, ambazo hazipokei kazi ya kuprinti kwa kawaida, lakini hufungua ukurasa wa mipangilio ya printa kwenye kivinjari.

Hakikisha printa imo kwenye mtandao

Kutafuta anwani ya printa isiyo na Wi-Fi ni kupoteza usiku. Epson L3110, mashine ya tangi la wino, ni ya waya wa USB tu. Ndugu yake L3250 ndiyo yenye Wi-Fi. HP LaserJet P1102 haina Wi-Fi, P1102w inayo. Herufi moja mwishoni mwa jina inabadilisha habari yote. Kama printa yako ni ya waya tu, kompyuta itaonyesha poti kama USB001, na hapo hakuna IP ya kutafuta.

Kama ina Wi-Fi, tazama taa yake. Kwa kawaida taa iliyotulia inaonyesha kuwa imeunganishwa, na inayomemeta inaonyesha kuwa bado inatafuta. Kumbuka pia kwamba printa nyingi za bei ya kawaida zinatumia masafa ya 2.4 GHz peke yake. Ruta ikitoa majina mawili, moja la 2.4 na jingine la 5, ipeleke printa kwenye lile la 2.4. Masafa hayo pia yanapenya vizuri zaidi kuta nene za matofali ya kuchoma, ambazo ndizo kuta za nyumba zetu nyingi huku nyanda za juu.

Njia ya kwanza: iulize printa yenyewe

Hii ndiyo njia fupi na ya kuaminika kuliko zote, kwa sababu jibu linatoka kwa mwenye anwani. Kama printa ina kioo, ingia kwenye menyu ya mtandao, tafuta "Network", "Wireless" au alama ya Wi-Fi, kisha soma mstari wa "IP Address" au "IPv4".

Kama haina kioo, inaweza kukuprintia ripoti ya mtandao. Kwenye mashine nyingi ndogo za HP zenye kitufe cha Wi-Fi na kitufe cha herufi "i", bonyeza vyote viwili kwa pamoja. Kwenye Epson za aina ya L3250 kuna kitufe cha hali ya mtandao: ukikibonyeza inatoka ripoti ya muunganiko, na ukikishikilia kwa sekunde kadhaa inatoka karatasi yenye maelezo kamili zaidi. Printa za leza za zamani mara nyingi hutoa ukurasa wa mipangilio ukishikilia kitufe cha kuendelea kwa sekunde tano au zaidi.

Kwenye karatasi hiyo zungushia duara vitu vitatu: IP Address, jina la Wi-Fi ambalo hapo huitwa SSID, na MAC Address. Hii ya mwisho ni namba ya kudumu ya kifaa, yenye jozi sita za tarakimu na herufi, na mara nyingi imebandikwa nyuma au chini ya printa. Anwani ya IP inaweza kuhama. MAC haihami, na itakusaidia huko mbele.

Ukikuta IP inaanza na 169.254, acha kuhangaika na kompyuta. Printa iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Irudishe kwenye Wi-Fi, au anza na ruta. Ukikuta 0.0.0.0, haijaunganishwa kabisa.

Njia ya pili: iulize kompyuta iliyowahi kuprinti

Kwenye Windows 11 fungua "Settings", kisha "Bluetooth & devices", kisha "Printers & scanners". Chagua printa yako, bonyeza "Printer properties", nenda kwenye kichupo cha "Ports". Mstari wenye alama ya tiki ndio unaotumika. Ukiona "Standard TCP/IP Port" na namba kama 192.168.1.50, hiyo ndiyo anwani ambayo kompyuta inaiamini. Ukibonyeza "Configure Port" utaona pia namba ya poti, kwa kawaida 9100.

Linganisha namba hiyo na ile iliyotoka kwenye karatasi ya printa. Zikitofautiana, umeshaupata ugonjwa: kompyuta inagonga nyumba ya zamani.

Huenda ukakuta mstari wa "WSD" badala ya namba. Hapo Windows iliitafuta printa yenyewe na kuipa jina refu lisilosomeka. Njia hiyo ikikubali inakubali vizuri, lakini ikiyumba haimwachii mtu pa kushika. Ukitaka anwani, tazama kama kuna kichupo cha "Web Services" pembeni yake, au rudi kwenye njia ya kwanza.

Kwenye kompyuta ya Apple au ya Linux, fungua dirisha la amri uandike lpstat -v. Jibu lenye socket:// likifuatiwa na namba linamaanisha poti 9100, isipokuwa kama nyingine imetajwa. Lenye ipp:// linamaanisha 631. Lenye dnssd:// linaonyesha jina bila namba, kwa hiyo utahitaji njia nyingine.

Njia ya tatu: iulize ruta

Ruta ndiyo inayogawa anwani, na ina orodha ya waliopewa. Kwanza ijue anwani ya ruta: kwenye Windows fungua "Command Prompt", andika ipconfig, usome mstari wa "Default Gateway". Ruta ndogo za Huawei za laini ya simu hutumia mara nyingi 192.168.8.1, TP-Link 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na vifaa vingi vya Huawei vya faiba 192.168.100.1. Andika namba hiyo kwenye kivinjari, uingie kwa jina na neno la siri lililo kwenye stika ya ruta, kisha tafuta orodha inayoitwa "Connected devices", "Device list" au "DHCP clients".

Epson mara nyingi hujitambulisha kwa neno EPSON likifuatiwa na tarakimu sita za mwisho za MAC yake. HP hufanya hivyo kwa kuanza na HP, na Brother za Wi-Fi huanza na BRW. Kama jina halisaidii, linganisha MAC iliyo kwenye orodha na ile ya stika ya printa. Zikilingana, umeipata.

Njia ya nne: kwa simu

Kama huna neno la siri la ruta, weka kwenye simu programu ya kupekua mtandao kama Fing, unganisha simu na Wi-Fi ile ile ya printa, uiache ihesabu vifaa. Itakupa kila kifaa na anwani yake, na mara nyingi jina la kampuni iliyokitengeneza. Kwenye kompyuta unaweza kuandika arp -a uone vifaa ambavyo imewasiliana navyo karibuni. Pekua mtandao wako mwenyewe tu. Wi-Fi ya shule, ya hospitali au ya jirani si yako, na kuipekua bila ruhusa kutakuingiza matatani.

Thibitisha kabla ya kusimika

Ukishapata namba, ijaribu kwa hatua tatu. Ya kwanza, andika ping ikifuatiwa na anwani, mfano ping 192.168.1.50. Majibu yakirudi, ujue kifaa kipo na njia ipo. Ya pili, iandike anwani hiyo kwenye kivinjari. Ukurasa wenye jina la printa yako ukifunguka, una uhakika kwamba hukukosea ukapiga runinga au simu ya mtoto.

Ya tatu ndiyo ya poti. Kwenye Windows fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 9100

Subiri kidogo, utazame mstari wa "TcpTestSucceeded". Ukisema True, poti imefunguka. Ukisema False, jaribu 631 na 515 kwa amri ile ile. Kwenye Apple au Linux amri ni nc -vz 192.168.1.50 9100. Kama ping inajibu lakini poti zote tatu zinakataa, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa printa utazame kama huduma hizo zimezimwa.

Sasa ndipo usimike. Kwenye "Printers & scanners" chagua kuongeza printa, ukatae orodha inayotokea kwa kuchagua "Add manually", kisha uchague kuongeza kwa anwani ya IP. Kwenye aina ya kifaa weka "TCP/IP Device", andika anwani, na umalizie kwa programu endeshi ya modeli yako. Kama printa ilishasimikwa na anwani ndiyo iliyobadilika, huna haja ya kufuta kitu: kwenye kichupo cha "Ports" bonyeza "Add Port", chagua "Standard TCP/IP Port", weka anwani mpya, uithibitishe.

Kuna hali moja inayowachosha watu: printa inajibu ping, poti imefunguka, lakini Windows bado inasema haipo. Rudi "Configure Port" uondoe tiki kwenye "SNMP Status Enabled". Windows huuliza hali ya printa kwa njia hiyo, na printa nyingi za nyumbani hazijibu swali hilo inavyotarajia, kwa hiyo huhesabiwa kuwa zimezimwa wakati zipo macho.

Walimu wenye vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu, wanaweza kuprinti moja kwa moja. Huduma ya kuprinti iliyomo ndani ya Android kwa kawaida inakubali kuongezewa printa kwa anwani ya IP, nayo hutumia IPP. Kwa hiyo mtihani ulioandikwa kwenye kishikwambi hauna sababu ya kupitia kwanza kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Kwa nini anwani inahama

Ruta haitoi anwani, inaikodisha kwa muda. Muda ukiisha, au umeme ukikatika na ruta ikaanza kugawa upya, namba iliyokuwa ya printa inaweza kupewa simu iliyowahi kuwaka. Miji yetu iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya Gridi ya Taifa kufika, na hata sasa kukatika kwa umeme si jambo geni. Kwa hiyo kwetu anwani zinahamahama mara nyingi zaidi kuliko mahali ambapo ruta haizimiki mwaka mzima.

Tiba bora ni kuiambia ruta kwamba MAC fulani ipewe siku zote namba fulani. Kwenye TP-Link sehemu hiyo huitwa "Address Reservation". Kwingine "Static DHCP" au "DHCP binding". Weka MAC ya printa, weka namba uliyoichagua, hifadhi, kisha zima printa na uiwashe. Uzuri wa njia hii ni kwamba printa yenyewe hujaigusa.

Ruta ndogo za mfukoni mara nyingi hazina sehemu hiyo. Hapo ingia kwenye ukurasa wa printa, badili kutoka "Automatic" au "DHCP" kwenda "Manual", uandike namba mwenyewe. Chagua namba iliyo nje ya fungu ambalo ruta inagawa. Kama ruta inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, ipe printa 192.168.1.20. Kwenye "Subnet Mask" weka 255.255.255.0, kama ndivyo ipconfig ilivyoonyesha, na kwenye "Gateway" weka anwani ya ruta. Usiipe printa namba ya ruta wala namba inayoishia na 0 au 255.

Njia hii ya mkono ina sharti lake. Siku ukibadili kampuni ya simu au ukileta ruta ya aina nyingine, fungu la anwani litabadilika na printa itabaki kwenye fungu la zamani, haionekani. Kabla ya kubadili ruta, irudishe printa kwenye "Automatic", kisha uanze upya.

Baada ya umeme kurudi, fuata utaratibu: washa ruta kwanza, iache dakika mbili au tatu itulie, ndipo uwashe printa. Na msimu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, radi za nyanda hizi zisipuuzwe. Wingu likianza kunguruma chomoa printa na ruta kwenye soketi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Wanaotumia sola wakumbuke kwamba printa ya leza huvuta mamia ya wati inapopasha moto, ilhali ya tangi la wino huvuta kidogo sana.

Nyumba inayotegemea hotispoti ya simu

Nyumba nyingi hazina ruta. Wi-Fi ya nyumba ni hotispoti ya simu ya baba au ya mama, na simu ikienda sokoni mtandao umekwenda nayo. Simu nyingi za Android za zamani zilitoa anwani zinazoanza na 192.168.43, na iPhone hutoa zinazoanza na 172.20.10, ilhali Android nyingi mpya hubadili fungu kila hotispoti inapowashwa. Kufunga anwani ya printa kwenye mtandao wa namna hiyo ni kazi bure.

Zipo njia mbili nzuri zaidi. Ya kwanza ni Wi-Fi Direct, ambapo printa inatoa mtandao wake yenyewe na simu au kompyuta inaungana nayo moja kwa moja. Jina na neno la siri la mtandao huo utayakuta kwenye ile karatasi ya ripoti. Kwenye mashine nyingi za HP, anwani ya printa kwenye mtandao huo huwa 192.168.223.1 siku zote, kwa hiyo hakuna cha kuhama.

Ya pili ni kutumia ruta yoyote, hata kuukuu, hata isiyo na laini. Kama nilivyosema mwanzo, ruta haihitaji intaneti ili ifanye kazi ya kuprinti. Iwashe, unganisha printa na kompyuta, funga anwani, na umepata mtandao wa nyumba usioondoka na mtu. Kompyuta ikihitaji intaneti, ipate kwa kuunganisha simu kwa waya wa USB, huku Wi-Fi yake ikibaki kwenye ruta ya printa.

Kama vifaa viwili vipo kwenye Wi-Fi moja lakini havionani kabisa, angalia kwenye ruta kitu kinachoitwa "AP Isolation". Kazi yake ni kuvitenga vifaa visiwasiliane. Mtandao wa wageni hufanya hivyo hivyo kwa makusudi.

Anwani ibaki ndani

Usifungue poti za printa kwa ulimwengu wa nje. Mwishoni mwa Novemba 2018 mtu mmoja aliyejiita TheHackerGiraffe alituma kazi kwenye printa zipatazo 50,000 duniani zilizokuwa zimeachwa na poti 9100 wazi kwenye intaneti. Zikaanza kutoa karatasi zenye ujumbe wa kumpigia debe PewDiePie, mtengeneza video wa YouTube. Safari hiyo ziliharibika karatasi na wino tu. Mwenye nia mbaya angeweza kufanya zaidi. Kwa hiyo kwenye ruta usiweke "Port forwarding" wala "DMZ" kuelekea kwenye printa, hata kama mtu anakwambia itakusaidia kuprinti ukiwa safarini.

Weka neno la siri kwenye ukurasa wa mipangilio wa printa. Printa nyingi mpya huja na neno lililo kwenye stika, au hutumia namba ya mfululizo ya mashine. Mtu akiisogelea mashine anaweza kulisoma, basi libadilishe. Kwa wenye steshenari jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mikononi mwenu mnapitisha vitambulisho, vyeti na taarifa za benki za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukiwapa wateja Wi-Fi, wape mtandao wa wageni, na printa ikae kwenye mtandao wako.

Andika, ubandike

Mwisho wa kazi chukua kipande cha karatasi uandike: jina kamili la modeli, anwani ya IP, poti inayokubali, MAC, jina la Wi-Fi, na kama anwani ilifungwa kwenye ruta au kwenye printa. Kibandike ubavuni mwa printa. Maneno ya siri usiyaweke hapo. Yaandike kwenye daftari linalokaa kabatini.

Siku printa ikigoma tena, uliza maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, anwani iliyo kwenye karatasi ya ripoti ndiyo ile iliyobandikwa? Je, ping inajibu? Je, poti imefunguka? Majibu yote yakiwa ndiyo, mtandao hauna kosa. Tazama foleni ya kazi kwenye kompyuta, ufute kazi iliyokwama, ujaribu tena. Jibu mojawapo likiwa hapana, unajua hatua ya kurudia.

Na ukilazimika kupiga simu, utapiga ukiwa na la kusema: "Fundi, habari za kazi. Printa ni L3250, anwani yake ni 192.168.1.20, ping inajibu, lakini poti 9100 inakataa." Fundi aliye Kigoma au Mwanza atakusaidia kwa dakika chache bila kukutoza nauli, kwa sababu nusu ya uchunguzi umeshaufanya.

Mfundishe na mwingine humo nyumbani, hasa kijana anayeshinda na simu. Mwache aitoe ile karatasi ya ripoti mwenyewe, aisome, aifungue anwani kwenye kivinjari. Fundi aitwe kwa kazi ya fundi: kichwa cha wino kilichoziba, roli iliyochakaa, saketi iliyopigwa na radi. Kuijua namba ya printa na kuifunga isihame ni kazi ya mwenye nyumba, na anaiweza.